Kubadilisha redio ya gari mwenyewe: usikubali soketi ya Toyota ikatwe (nimefanya kwenye IST)

Mleta uzi (Dar)

Habari za jioni wakuu.

Nimekaa muda mrefu nasoma humu watu wakiuliza namna ya kutoa redio ya Kijapani na kuweka ya kisasa, na jibu linalorudi ni lilelile: peleka kwa fundi. Mimi nilipeleka. Naandika kwa sababu ya kilichonikuta, na kwa sababu baadaye kazi hiyohiyo niliifanya mwenyewe nyumbani Jumamosi moja bila kugusa waya wa gari kwa kisu.

Gari ni IST, lile umbo la kwanza. Ilikuja na redio yake ya Japani yenye kioo kinachodai diski ya ramani kwa Kijapani. Upande wa FM wengi mnaujua: redio za soko la Japani za miaka ile zinaanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo hapa Dar unapata East Africa Radio 88.1, Clouds 88.5, Wasafi 88.9, Radio One 89.5, halafu basi. EFM 93.7 huisikii. Aliyeniuzia alikuwa ameweka kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kidude kikishusha kwa megahezi 12, stesheni ya 93.7 unaitafuta kwenye 81.7, na kitu cha 100.5 kinakuja kukaa palepale ilipo 88.5. Ndiyo maana unasikia stesheni mbili zinapigana. Na ukipiga hesabu, 90 jumlisha 12 ni 102, kwa hiyo kilicho juu ya 102 hakifiki kabisa.

Nikanunua redio ya Android Kariakoo. Fundi aliyekuwa jirani na duka akanifungia. Alimaliza haraka sana na nilifurahi. Wiki ya tatu, niko kwenye foleni Ubungo saa kumi na mbili jioni, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Redio ikazima. Nikazima gari, nikatoa kichwa cha betri pale pale barabarani.

Nilipofungua dashibodi nyumbani nilikuta hivi. Zile soketi mbili nyeupe za Toyota zilikuwa zimekatwa, hazipo kabisa. Waya wa gari na waya wa redio vimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu ya kawaida, ile ya bahasha. Kwa joto la Dar gundi ilikuwa imeyeyuka, selotepu imeteleza kama soksi iliyolegea, na waya wa njano ukawa uchi umegusa chuma cha kushikia redio. Fyuzi ilitakiwa kuwakinga hao waya. Nilipoitoa kwenye boksi lake nilikuta ya ampea 30 mahali ambapo kifuniko kimeandika 15. Waya ulikuwa umeungua ganda lake urefu wa kiganja.

Sasa namna ya kufanya.

Kabla ya kununua redio, pima tundu lake kwenye dashibodi. Redio ya kawaida ya tundu kubwa ina upana wa milimita 178 na kimo cha 100. Toyota nyingi za Japani zina tundu la upana wa milimita 200. Ukinunua ya 178 utabaki na nafasi ya zaidi ya sentimita moja kila upande na utahitaji vipande vya pembeni vya kuziba. Muulize muuzaji moja kwa moja kama ana ya "size ya Toyota". Na kama unanunua redio ya mtumba kutoka Japani, hata iwe nzuri namna gani, Carrozzeria au nyingine, ujue mara nyingi inakuja na FM ileile ya 76 hadi 90. Iwashe dukani, zungusha hadi 107, uone.

Halafu, hapohapo dukani, nunua soketi ya Toyota. Ni kipande kifupi cha waya chenye plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, zinazoingia kwenye soketi za gari bila kukata chochote. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na redio. Wauzaji wengine hawaitaji mpaka uulize kwa sababu wanajua fundi atakata.

Vifaa nilivyotumia: spana ya namba 10, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki cha kuchokonolea (mimi nilitumia kijiko cha mbao kilichochongwa bapa), multimita, na tepu nyeusi ya umeme.

Anza na betri. Toa upande wa hasi kwanza, kisha subiri. Toyota wenyewe wanataka usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kushika chochote karibu na eabegi. Mimi nilikunywa chai nzima. Plagi yoyote ya njano utakayoiona mle ndani ni ya eabegi, usiiguse na usiipime kwa multimita.

Fremu inayozunguka redio imeshikwa na klipu. Hapa ndipo watu wengi wanaogopa na ndipo wanapovunja. Anza chini, pembeni, ingiza kijiko, vuta kwa nguvu ya polepole inayoongezeka mpaka usikie "tak". Klipu ya kwanza ikitoka, nyingine zinafuata. Usiivute yote kwa pupa maana kwa nyuma kunaweza kuwa na waya wa swichi ya hazadi. Baada ya fremu utaona boliti nne za namba 10. Zifungue, ivute redio kwako, inamisha, bonyeza ulimi wa kila soketi na uchomoe. Usivute waya, vuta plagi.

Zile bati mbili za pembeni zilizoshika redio ya zamani zihamishie kwenye mpya. Angalia skrubu zake. Tumia zilezile fupi za milimita 8. Skrubu ndefu inaingia ndani inatoboa bodi ya redio, na hapo umeua redio kabla hujaiwasha.

Sasa rangi. Upande wa redio mpya karibu zote zinafuata mpango mmoja: njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, ndiyo unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni hasi, inakwenda bodi ya gari (chuma chake), rangi ya chungwa ni taa ndogo ili kioo kipunguze mwanga usiku, bluu ni ya antena. Spika: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni upande wa hasi wa spika hiyohiyo.

Upande wa Toyota nyingi za zamani: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni wa ufunguo, kahawia ni hasi, kijani ni taa ndogo. Ona hatari iliyopo: kijivu cha Toyota ni umeme, kijivu cha redio ni spika. Ukiunga rangi kwa rangi bila kufikiri umepeleka volti 12 kwenye spika. Ndiyo faida ya soketi, imeshafanya tafsiri hiyo kwa niaba yako. Bado pima. Rudisha betri, multimita kwenye volti, mguu mweusi kwenye chuma cha bodi. Bluu-njano lazima isome 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kijivu lazima isome sifuri, kisha 12 ukizungusha ufunguo hadi ACC, ile hatua ya kuwasha redio kabla ya injini. Mkikubaliana wewe na multimita, toa tena betri na unge.

Jambo la mwisho, hasi ya spika usiiunge bodi. Kuna mafundi wanafanya hivyo ili kuokoa waya. Redio hizi zinaendesha spika kwa ncha zote mbili, ukiigusisha moja na bodi unaua amplifaya iliyo ndani.

Yangu ina mwezi wa nne sasa. Aliyekwama aulize.

Mdau wa Mwanza (Passo)

Asante sana kaka, uzi umenifaa. Mimi nilifunga ya 178 kwenye Passo na pembeni kuna mianya. Kilichonishinda ni FM. Redio mpya kabisa lakini inashika stesheni moja tu, nyingine zinakoroma. Ile ya Kijapani ilikuwa inashika vizuri zile za chini ya 90. Antena nimeichomeka, nimehakikisha mara mbili.

Mleta uzi

Dada, angalia waya wa bluu. Magari mengi ya Japani yana kikuza mawimbi kidogo kwenye antena na kinahitaji volti 12 ili kifanye kazi. Redio ya zamani ilikuwa inakipelekea umeme huo. Kama bluu ya redio mpya imeachwa inaning'inia, kikuza kimekufa na kinazuia hata yale mawimbi machache. Unga bluu ya redio na waya wa antena wa upande wa gari uliomo kwenye soketi ya pini 10. Ukiwasha redio, pima hapo usome 12.

Mdau wa Mwanza (Passo)

Ilikuwa ndiyo hiyo. Waya ulikuwa umefungwa tepu na kukunjwa nyuma. Nimeunga, zimejaa mpaka nachagua.

Mdau wa Nairobi

Shukran kwa uzi. Yangu ni Fielder na redio ni ya Android. Nashika Radio Citizen 106.7 bila shida, lakini Capital 98.4 haipatikani. Nikibonyeza mbele inatoka 98.3 inaruka hadi 98.5, katikati hakuna. Nimerudisha dukani wakaniambia ni antena.

Mleta uzi

Antena haina kosa, ndugu yangu. Hiyo redio imewekwa mpangilio wa Marekani. Kule stesheni zinapangwa kwa hatua ya 0.2 na zote zinaishia na namba witiri: 98.1, 98.3, 98.5. Stesheni yako ni 98.4, kwa hiyo inarukwa. Ingia kwenye mipangilio ya redio, tafuta eneo, chagua Ulaya. Hatua zitakuwa ndogo na 98.4 itaonekana. Ukichagua Japani utarudi kwenye 76 hadi 90.

Mdau wa Nairobi

Imekubali. Capital iko wazi. Nimesumbuka nayo tangu Krismasi.

Fundi umeme, Arusha

Mkuu, uzi ni mzuri na nimeusoma wote. Niseme upande wetu. Siyo kila fundi anayekata anapenda kukata. Mteja anakuja na redio mkononi, soketi hana, ukimwambia arudi dukani anasema jirani anafunga bila hizo habari. Huku mikoani soketi ya gari fulani unaweza kuitafuta siku mbili. Mimi nakataa kufunga bila soketi na nimepoteza kazi nyingi kwa hilo.

Kama imebidi kuunga, ungeni hivi. Chubua sentimita moja na nusu, sokota waya kwa kulalia upande mmoja, tia risasi kwa solda mpaka iingie ndani ya nyuzi, siyo tone la juu tu. Juu yake mpira unaosinyaa kwa moto, tena uuvishe kwenye waya kabla ya kusokota, maana ukishaunga hauingii. Kisha fungeni kifungu chote ili maungio yasicheze, kwa sababu pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu na gari likitikisika unakatikia hapohapo. Tepu nyeusi ni ya kufunga kifungu, haitoshi peke yake kwenye ungio la umeme.

Pia pale kwenye fyuzi ungeandika kwa herufi kubwa. Fyuzi ikikatika mara ya pili, kuna waya unagusa. Tafuta waya. Anayeweka kubwa zaidi ameamua waya ndiyo uwe fyuzi.

Mleta uzi

Mkuu nakubaliana na yote, na hili la mpira nilikuwa silijui. Ninachoomba kwenu mafundi ni kumwambia mteja tu. Mimi ningeambiwa "nenda kanunue soketi" ningeenda.

Mdau wa Dodoma (Premio)

Wakuu, baada ya kufunga redio gari haliwaki nikiliacha siku tatu. Betri ni mpya. Redio inafanya kazi vizuri na haisahau stesheni.

Fundi umeme, Arusha

Nyekundu na njano vimeungwa pamoja kwenye umeme wa kudumu. Kwa hiyo redio haizimi kweli, kioo kinalala tu. Thibitisha hivi: zima gari, toa ufunguo, funga milango yote, boneti iache wazi. Weka multimita kwenye ampea, tundu la ampea 10, fungua hasi ya betri na ipitishe katikati ya nguzo na kichwa cha waya. Usiwashe gari wala kufungua mlango multimita ikiwa hapo. Subiri gari litulie. Isome chini ya miliampea 50. Ukikuta nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 inamalizika kabisa ndani ya saa 90, na kabla ya hapo itakuwa imeshashindwa kupiga stata. Chomoa redio uone kama inashuka. Ikishuka, umempata.

Kinyume chake pia kipo. Redio ikisahau saa na stesheni kila ukizima, nyekundu na njano vimebadilishana.

Mdau wa Dodoma (Premio)

Imesoma 0.41. Nimechomoa redio, 0.02. Nahamisha nyekundu kesho asubuhi.

Mdau wa Tanga

Na kamera ya rivasi? Nimeunga waya wa video lakini kioo hakibadiliki nikitia gia.

Mleta uzi

Waya wa video unaleta picha tu. Kuna waya mwembamba mwekundu unaochomoza kila mwisho wa ule waya wa video. Kule nyuma uunge pamoja na umeme wa kamera kwenye chanya ya taa ya rivasi. Huku mbele uunge kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK. Ukitia rivasi, volti 12 za taa zinasafiri humo na redio inajua ibadilishe.

Kwa kuwa umegusa mambo ya video: kuna waya wa handibreki unaozuia picha za video gari likitembea. Mafundi wengi wanauunga bodi moja kwa moja ili dereva aangalie muziki wa video barabarani. Mimi wangu nimeuunga kwenye handibreki kweli. Nina watoto wawili kiti cha nyuma.

Mdau wa Morogoro

Mkuu mleta uzi, mimi nimeshachelewa. Fundi alishakata soketi zamani, na waya za spika ameziunga kwa nyaya zake zote nyeusi, rangi za Toyota siziwezi kuzifuata. Nina ncha nane zinaning'inia. Sauti ipo lakini besi imepotea kabisa, kama redio ya mkononi. Nifanyeje?

Mleta uzi

Pole sana. Hapa utahitaji betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, na mtu wa kukaa ndani ya gari akisikiliza. Chomoa kwanza redio kabisa.

Chukua ncha mbili, zigusishe kwenye betri hiyo kwa kudonoa, usishikilie. Zikiwa za spika moja utasikia "krap" kwenye mlango mmoja. Kama hakuna sauti, badilisha ncha moja. Ukipata jozi, andika kwenye kipande cha tepu: mbele kulia, nyuma kushoto, na kadhalika. Rudia mpaka jozi nne ziishe.

Kisha chanya na hasi. Toa wavu wa spika kama unaweza, mulika tochi kwenye ile karatasi ya katikati. Gusisha betri. Karatasi ikitoka nje kuelekea kwako, waya ulio kwenye chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Ikiingia ndani, geuza. Naamini ndiyo imekula besi yako: spika moja imeungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti nzito zinafutana.

Ukijua jozi, rangi za asili za Toyota nyingi ni hizi, chanya kwanza: mbele kushoto waridi na zambarau, mbele kulia kijani kibichi na bluu, nyuma kushoto nyeusi na njano, nyuma kulia nyekundu na nyeupe. Umeona njano na nyeusi hapo ni spika? Fundi asiyejua anaipa njano umeme.

Na usitarajie wati 60 zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa umeme wa volti 14.4 na spika ya omu 4, amplifaya ya ndani haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi kwa kila spika. Zinatosha sana milango ikiwa imeungwa sawa.

Mdau wa Morogoro

Mrejesho wakuu. Nimeifanya jana na mdogo wangu. Nyuma kushoto ilikuwa imegeuzwa, na mbele kulia haikulia kabisa. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda pale unapoingia mlangoni, kwa nje unaonekana mzima. Besi imerudi.

Kuhusu soketi, nimekwenda kwa jamaa wanaochinja magari. Walikuwa na Raum iliyogongwa nyuma, wakanikatia soketi zote mbili za upande wa gari zikiwa na waya wake wa kama sentimita kumi na tano. Nimezirudisha kwenye gari langu, za spika kwa jozi nilizoandika na nyingine rangi kwa rangi, kwa risasi na mpira kama alivyosema fundi wa Arusha, mpira ukitangulia. Redio ikitakiwa kutoka sasa, nabonyeza ulimi wa soketi mbili na inatoka.